Rejea ya 10 MHz nyumbani: kuifunga fuwele kwenye saa za GPS

Setilaiti ya Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018, imebeba transponda ya redio ya ridhaa inayosikika kuanzia karibu 10,489.5 MHz. Wengi tunaisikiliza kwa LNB ya kawaida, yaani kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi la televisheni na kuyashusha masafa yanayopokewa. Ndani ya LNB nyingi za aina hiyo kuna fuwele ya 25 MHz ambayo mzunguko wake unazidishwa mara 390 kupata 9,750 MHz. Fuwele hiyo ikikosea kwa Hz 1, wewe unakosea kwa Hz 390. Jua likiipasha joto LNB, sauti ya unayemsikiliza inaanza kuhama, na mkono wako hautoki kwenye kitufe cha masafa. Dawa yake ni kuilisha LNB masafa yasiyohama, na kwa mtu wa nyumbani njia bora ya kuyapata ni GPS.

Mimi nilianzia hapo. Sasa kila kifaa kwenye meza yangu, kuanzia kihesabu masafa, jenereta ya mawimbi hadi redio, kinategemea chanzo kimoja cha 10 MHz, nami sijui tena maisha ya kujiuliza ni kipi kati ya vipimo viwili kinasema kweli. Nitaeleza namna ya kukijenga chanzo hicho, na nitakaa zaidi pale ambapo wajenzi wengi hupita haraka.

Kabla hujanunua chochote, shika jambo hili: GPS ni ya kuaminika kwa kipimo cha siku, lakini kwa kipimo cha sekunde inatikisika. Fuwele nzuri ni kinyume chake: kwa sekunde moja imetulia kuliko GPS, kwa siku nzima inahama polepole bila kukuaga. Kazi yote ni kuamua ni wapi utamwachia mmoja na kumshika mwingine. Ukiamua vizuri, utapata utulivu wa fuwele na ukweli wa GPS kwa pamoja. Ukiamua vibaya, utakuwa umeiharibu fuwele nzuri kwa kuitikisa na mapigo ya GPS.

Unachokipokea kutoka angani

Sekunde imefafanuliwa kwa mizunguko 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya sesiamu-133. Setilaiti za GPS zimebeba saa za atomu, za rubidiamu na za sesiamu, na zinazunguka dunia kwenye urefu wa karibu kilomita 20,200. Vituo vya ardhini huzifuatilia saa hizo na kuzitumia masahihisho, kwa hiyo saa moja ikichepuka kidogo haikupotezi.

Kuna jambo hapa ambalo kila nikilifikiria linanifurahisha. Kwa sababu za uhusianifu wa Einstein, saa iliyo kule juu hukimbia mbele ya saa ya ardhini kwa karibu mikrosekunde 38 kila siku. Waundaji walijua, wakaipunguza rejea ya setilaiti kutoka 10.23 MHz hadi 10.22999999543 MHz kabla haijarushwa, ili ikifika juu tuipokee ikiwa sawa. Mikrosekunde 38 kwa siku ni sawa na sehemu 4.4 kwa bilioni 10. Rejea utakayoijenga ikishatulia itakuwa sahihi kuliko hapo. Maana yake kifaa kilicho mezani kwako kinaweza kuona kosa dogo kuliko sahihisho lenyewe la Einstein.

Hadi Mei 2000 Marekani iliutikisa mpigo wa kiraia kwa makusudi, na wajenzi wa wakati ule walihangaika kweli. Sisi tumepata urahisi mkubwa: mpokeaji mdogo wa leo hutoa mpigo mmoja kila sekunde, na ukingo wa mpigo huo hauchezi zaidi ya nanosekunde makumi machache.

Vipande vya kutafuta

Vipo vitatu vyenye uzito: kipokezi, antena na oskileta ya tanuri, ile ambayo wenye kuiuza huandika OCXO. Vingine vyote ni chipu za kawaida za kwenye droo.

Kwa kipokezi, chagua kilichotengenezwa kwa kazi ya muda. Katika familia ya u-blox, LEA-6T na NEO-M8T ni za aina hiyo. NEO-7M au NEO-M8N za kawaida pia zinafanya kazi, ila utakosa jambo nitakalolieleza mbele. NEO-6M iliyojaa kila mahali inatoa mpigo mzuri wa sekunde, lakini mpigo wake haupandi zaidi ya 1 kHz, kwa hiyo haifai kwa njia rahisi ya saketi nitakayoanza nayo.

Usidanganyike na wazo la kukiagiza kipokezi kitoe 10 MHz moja kwa moja ukadhani umemaliza. Kitatoa, na wastani wake utakuwa sahihi. Lakini vipokezi hivi hugawanya saa ya ndani ya karibu 48 MHz, na 48 haigawanyiki kwa 10 bila baki. Kipokezi hulazimika kuchanganya mizunguko mifupi na mirefu ili wastani utimie. Kwa kihesabu masafa unaweza kuvumilia. Kwa LNB inayozidisha masafa mara mamia utasikia mkwaruzo badala ya sauti.

Oskileta ya tanuri ni fuwele iliyofungiwa ndani ya kopo linalopashwa joto lisilobadilika, kwa kawaida nyuzi 70 hadi 85 za Selsiasi. Nunua iliyotumika, iliyong'olewa kwenye mitambo ya simu, wala usione aibu. Fuwele huzeeka kwa kasi katika mwanzo wa maisha yake, kisha hutulia; ile iliyokaa kwenye mtambo miaka mingi tayari imeshapita utoto wake. MV89A ya Morion, yenye tanuri mbili moja ndani ya nyingine, ni mfano wa zinazosifiwa, nami naziunga mkono sifa hizo. Ukiipata, iwashe kwa umeme wake sahihi na uangalie mkondo: uanze juu, kisha baada ya dakika chache ushuke na kubaki palepale. Mkondo usiposhuka, tanuri ni mbovu. Kisha geuza volti ya pini ya kurekebisha masafa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine na uhakikishe kwamba 10 MHz kamili iko kati ya miisho hiyo miwili. Kama haipo, skrubu ndogo ya kurekebishia iliyo kwenye baadhi ya makopo inaweza kukuokoa. Kama haina skrubu, itafute nyingine.

Ipo pia njia ya kununua mashine iliyokamilika iliyotoka kwenye minara ya simu, kama vile Trimble Thunderbolt au Z3801A ya HP. Ni mashine nzuri mno. Ukikuta moja inaonyesha tarehe ya karibu miaka 20 iliyopita, usiitupe. GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha huanza upya, na programu za zamani huchanganyikiwa; Thunderbolt ilipatwa na hali hiyo Julai 2017. Tarehe inakosea, masafa hayakosei.

Antena, na hapa usifanye haraka

Mawimbi ya GPS yanafika ardhini yakiwa dhaifu ajabu, karibu dBm 130 chini ya sifuri, kwenye 1,575.42 MHz. Antena inayobandikwa dirishani itakupa mahali ulipo na mpigo utakaoonekana mzima. Lakini dirishani nusu ya anga imefichwa, na mawimbi mengi yanafika baada ya kugonga ukuta wa jirani. Wimbi lililogonga ukuta limesafiri njia ndefu zaidi. Mita 3 za ziada ni nanosekunde 10. Mbaya zaidi, kosa hilo hubadilika polepole kadiri setilaiti inavyosogea, kwa hiyo kuchukua wastani wa dakika chache hakulifuti.

Iweke antena juu ya paa, mahali inapoona anga pande zote, ikiwa juu ya kitu chochote cha chuma kilicho karibu. Ukishindwa kufika huko, afadhali ione nusu ya anga iliyo safi kuliko anga yote kupitia matawi na mabati. Anayeishi karibu na ikweta ana bahati ya setilaiti kupita juu ya kichwa chake na pande zote. Anayeishi kaskazini sana ataona pengo upande wa kaskazini, kwa sababu njia za setilaiti zimeinama nyuzi 55 tu kutoka ikweta. Lakini wa ikweta naye ana mtihani wake: baada ya jua kuchwa, hasa miezi ya karibu na Machi na Septemba katika miaka ambayo jua lina madoa mengi, tabaka la ioni angani huchafuka na mawimbi humeta kama taa inayotaka kuzimika. Kipokezi huweza kuzipoteza setilaiti kadhaa kwa pamoja. Ukiliona hilo kwenye kumbukumbu zako za jioni, usibomoe saketi, limetoka juu.

Waya wa kushukia, tumia koaksia ya RG-6 ya dishi. Najua antena imeandikwa omu 50 na waya ni omu 75. Hasara ya tofauti hiyo ni ndogo kuliko hasara ya waya mwembamba wa RG-174, unaokula zaidi ya dB 1 kwa kila mita kwenye masafa haya. Antena yenye kikuza mawimbi ndani hupata umeme kupitia waya uleule, kwa hiyo hakikisha kipokezi kinatoa volti ambazo antena inazitaka, 3.3 au 5. Viungo vya nje vifunge kwa utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe, ukianzia chini kwenda juu ili maji yateleze. Na kwa kuwa umeweka chuma juu ya paa, unganisha mlingoti na ardhi, na pale waya unapoingia ndani weka kizuia radi cha gesi cha aina inayopitisha umeme wa DC. Kizuia radi kisichopitisha DC kitaiua njaa antena yako, na utatumia siku nzima kutafuta kosa kwenye kipokezi.

Urefu wa waya unachelewesha mpigo kwa nanosekunde 4 hadi 5 kwa kila mita. Kwa saa hilo ni muhimu. Kwa masafa halina maana yoyote, maana kuchelewa kusikobadilika hakuongezi wala kupunguza mzunguko hata mmoja.

Kukipanga kipokezi

Kipokezi cha kazi ya muda kina hali ya kujipima mahali: unakiacha kikae, kinachukua wastani wa mahali kilipo kwa saa nyingi, kisha kinaufunga wastani huo. Kuanzia hapo hakitafuti tena kilipo. Kila setilaiti inayoiona inatumika kwa ajili ya muda peke yake, na hata ikibaki setilaiti moja mpigo unaendelea. Kiache kijipime siku nzima badala ya zile dakika chache za mpangilio wa kiwandani. Hili ni jambo ambalo vipokezi vya kawaida havina.

Jambo jingine ni taarifa ya kosa la mpigo. Kwa sababu ya ile saa ya ndani ya 48 MHz, ukingo wa mpigo unaweza kukaa tu kwenye hatua za karibu nanosekunde 21. Kipokezi kinajua kimekosea kwa kiasi gani katika kila mpigo, na cha kazi ya muda hukuambia kupitia waya wa data. Wengi husema wastani utalifuta kosa hilo. Mara nyingi ni kweli, lakini kuna vipindi ambapo kosa hukwama upande mmoja kwa dakika kadhaa, na wastani hauna la kufuta. Anayejenga kwa maikrokontrola aisome taarifa hiyo na kuitoa kwenye kila kipimo. Faida yake ni kubwa kwa mistari michache ya programu.

Kata setilaiti zilizo chini ya nyuzi 10 au 15 kutoka upeo wa macho, na kiagize kipokezi kisitoe mpigo kabisa kikiwa hakijashika setilaiti. Mpigo wa kubahatisha ni mbaya kuliko ukimya.

Kitanzi

Kitanzi ni saketi inayoilinganisha oskileta na GPS na kuirudisha kila inapohama. Njia rahisi ya kukijenga haina programu hata mstari mmoja. Kiagize kipokezi kitoe mpigo wa 10 kHz. Gawa 10 MHz ya oskileta kwa 1,000 kwa chipu mbili za 74HC390, uipate 10 kHz nyingine. Zipeleke zote mbili kwenye lango la XOR la 74HC86. Kinachotoka ni mapigo ambayo upana wake unafuata pengo la muda kati ya hizo mbili. Yachuje kwa rezista na kapasita uyageuze kuwa volti tulivu, pitisha kwenye op-amp yenye mlango wa FET (kikuza ambacho karibu hakinyonyi mkondo), na uipeleke kwenye pini ya kurekebisha ya oskileta. Mwelekeo wa pini, yaani kama volti ikipanda masafa yanapanda au yanashuka, usikusumbue. XOR yenyewe itajitafutia upande ulio sahihi wa wimbi.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo rejea inapopatikana au kupotea. Chukua oskileta ambayo masafa yake husogea Hz 2 pini inapotoka volti 0 hadi 5. Hz 2 juu ya 10 MHz ni sehemu 2 kwa milioni 10, yaani sehemu 4 kwa milioni 100 kwa kila volti. XOR nayo hutoa volti 5 kwa nusu ya mzunguko wa 10 kHz, ambayo ni mikrosekunde 50. Zidisha kimoja kwa kingine na utakuta kitanzi kinajisahihisha kwa muda wa sekunde 250. Ungechagua 100 kHz badala ya 10 kHz, muda huo ungeshuka hadi sekunde 25, na kila mtikisiko wa GPS ungeingia kwenye 10 MHz yako. Ukiipunguza volti inayofika kwenye pini mara nne kwa rezista mbili, muda unapanda hadi sekunde 1,000, ilimradi skrubu imeshaileta oskileta karibu sana na 10 MHz. Kichujio cha rezista na kapasita kisizidi robo ya muda wa kitanzi, la sivyo kitaanza kuyumba huku na huku bila kutulia. Kwa sekunde 250, megaomu 4.7 na mikrofaradi 10 zinakupa sekunde 47, na hizo zinatosha. Kapasita iwe ya plastiki. Ya elektroliti huvujisha mkondo, na mbele ya megaomu 4.7 mvujo mdogo ni kosa kubwa.

Kwa nini nang'ang'ania muda mrefu? Mpigo ukicheza nanosekunde 20, kwa kipimo cha sekunde moja hujui masafa zaidi ya sehemu 2 kwa milioni 100. Oskileta nzuri ya tanuri, kwa sekunde hiyohiyo, imetulia kuliko hapo mara elfu na zaidi. Subiri sekunde 1,000, na nanosekunde zilezile 20 ni sehemu 2 kwa bilioni 100. Subiri sekunde 10,000 na GPS imekuwa hakimu wa kweli. Nahodha hageuzi usukani kwa kila wimbi linalopiga ubavu. Anaangalia alikoelekea chombo baada ya muda, ndipo anasahihisha.

Hiyo ndiyo sababu nakuomba usikifunge kitanzi siku ya kwanza. Iwashe oskileta, iache wiki moja au mbili ikiwa na volti isiyobadilika kwenye pini, kisha uandike kila sekunde pengo kati ya mpigo wa GPS na ukingo wa 10 MHz, kwa siku nzima. Chora mstari. Utaona mchanga mwembamba wa nukta, huo ni mtikisiko wa GPS, na chini yake mwinamo na mawimbi marefu, hiyo ni oskileta yako inavyohama na joto la chumba na uzee. Uondoe mwinamo, kisha tafuta ni baada ya sekunde ngapi mawimbi marefu yanafikia upana wa mchanga. Muda huo ndio muda wa kitanzi unaoifaa oskileta hii, kwenye chumba hiki. Hakuna namba ya kunakili kutoka kwa mtu mwingine. Programu ya TimeLab itakuchorea mchepuko wa Allan, yaani kipimo cha utulivu wa masafa kwa vipindi vifupi hadi virefu, na kukuonyesha mahali hapo mistari miwili inapokatana, ila jicho na karatasi vinatosha kuanzia.

Anayetumia maikrokontrola anapata uhuru zaidi. Kuhesabu mizunguko ya 10 MHz kati ya mipigo hakutoshi, kwani hatua yake ni nanosekunde 100. Ongeza saketi ndogo inayochaji kapasita kuanzia mpigo wa GPS hadi ukingo unaofuata wa oskileta, na uisome volti yake. Hata kigeuzi cha biti 10 kitakupa hatua ya karibu nanosekunde 1. Anza na kitanzi cha sekunde 50 hivi ili kishike haraka, kikishatulia kirefushe hadi 300, halafu hadi pale mstari wako ulipokuambia. Programu isilazimishe pengo lirudi sifuri kwa pupa baada ya kila kupotea kwa setilaiti, irudi taratibu.

Volti ndogo zinazoharibu kila kitu

Rudi kwenye oskileta yetu ya mfano. Milivolti 1 kwenye pini inaisogeza kwa sehemu 4 kwa bilioni 100. Anayetumia maikrokontrola huiendesha pini kwa DAC, kigeuzi cha namba kuwa volti. DAC ya biti 12 kwa volti 5 ina hatua ya milivolti 1.2, kwa hiyo kila hatua ni sehemu 5 kwa bilioni 100, na masafa yataruka kati ya hatua mbili usiku kucha. Biti 16 hushusha hatua hadi mikrovolti 76, yaani sehemu 3 kwa trilioni. Hapo tunaweza kuzungumza.

Lakini DAC nzuri haina faida ikiwa ardhi ya saketi inatembea. Tanuri hunywa mkondo mkubwa unaopanda na kushuka kadiri chumba kinavyopoa na kupata joto. Mkondo huo ukipita kwenye waya uleule wa ardhi unaotumiwa na DAC, miliomu 10 za waya zikibeba badiliko la miliampea 100 ni milivolti 1, na umeshaona milivolti 1 inafanya nini. Rudisha ardhi ya DAC, ya op-amp na ya volti ya rejea kwenye pini ya ardhi ya oskileta yenyewe, kwa waya wake peke yake. Umeme wa tanuri uje na urudi kwa njia nyingine. Oskileta nyingi zina pini inayotoa volti ya rejea kutoka ndani ya tanuri. Itumie kuilisha DAC, maana imekaa kwenye joto lisilobadilika kuliko chochote utakachokijenga nje.

Joto nalo. Weka oskileta ndani ya kiboksi, na kiboksi ndani ya kingine chenye hewa iliyotulia kati yao. Usiweke feni. Mbali na dirisha, mbali na kiyoyozi, mbali na redio inayopata moto ukituma. Sufu na povu jingi navyo havifai: tanuri inahitaji mahali pa kupoteza joto ili iweze kulidhibiti.

Na usiizime. Fuwele iliyopoa hairudi palepale ilipokuwa. Huchukua siku kadhaa kutulia tena. Betri yenye chaja ya taratibu, inayoweza kushikilia saketi nzima kwa saa kadhaa umeme ukikatika, ni sehemu ya mashine hii, si nyongeza. Mpigo wa GPS ukipotea lakini umeme upo, programu ibakize wastani wa volti za mwisho kabla mpigo haujapotea. Oskileta inayozeeka sehemu 1 kwa bilioni 10 kwa siku itakuwa imekosa kama mikrosekunde 4 tu baada ya siku nzima bila GPS.

Kupima na kugawa

Unganisha mpigo wa GPS kwenye kichochezi cha oskiloskopu na 10 MHz kwenye mlango wa pili. Wimbi likitembea mzunguko mmoja mzima kwa sekunde 1,000, umekosea sehemu 1 kwa bilioni 10. Kitanzi kikishika, wimbi halitembei. Linacheza kidogo palepale. Kumbuka tu kwamba kipimo hiki kinakuambia kitanzi kimeshika, hakikuambii kama 10 MHz ni safi ndani ya sekunde moja, kwa kuwa unalinganisha na mpigo uleule unaoifunga. Kwa usafi, linganisha na chanzo kisichohusiana, kama rejea ya rubidiamu, au izidishe hadi masafa ya juu uisikilize. Kutoka 10 MHz hadi 10 GHz kelele za fezi hupanda kwa dB 60, na masikio yako yatakuambia papo hapo kama mlio ni laini au una mchanga.

Andika volti ya pini kila dakika na uihifadhi. Mstari wake ndio afya ya mashine. Mteremko wa polepole wa wiki na wiki ni uzee, ni kawaida. Wimbi la saa 24 ni joto la chumba. Kuruka kwa ghafla bila sababu kunatoka ndani ya fuwele yenyewe, na ikiruka mara kwa mara ibadilishe.

Kugawa, kila kifaa kipate kikuza chake. Kuunganisha vifaa vitatu kwenye waya mmoja kwa viungo vya T huifanya kelele ya kimoja iingie kwenye vingine, na ukichomoa kimoja ukubwa wa wimbi hubadilika kwa vyote. Lango moja la 74AC04 kwa kila mlango wa kutokea, rezista ya kulinganisha omu 50, kichujio cha kukata masafa ya juu kinachoiacha 10 MHz ikiwa wimbi laini, na transfoma ndogo mwishoni ili ardhi ya kifaa isigusane na ardhi ya oskileta. Milango isiyotumika ifunge kwa rezista ya omu 50. LNB inayotaka 25 MHz ipewe saketi yake ya kuzidisha iliyofungwa kwenye mojawapo ya milango hiyo, karibu na dishi kadiri unavyoweza, na waya wa 10 MHz ndio usafiri safari ndefu.